Bosi anabana matumizi ya sheli: kipi kikatwe, kipi kisiguswe

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia sheli hapa Moshi yenye pampu nne na matenki mawili ya ardhini, moja la petroli na moja la dizeli. Mwenye sheli ameniletea orodha ya kubana matumizi. Mtambo wa kusoma kiwango cha mafuta kwenye tenki la petroli umekuwa ukikwama. Anasema usitengenezwe, tutumie kijiti cha dipu tu. Zamu ya usiku ibaki na kijana mmoja badala ya wawili, naye ndiye apokee tanka likija. Pampu zisifanyiwe tena matengenezo ya kila miezi mitatu, tusubiri kitu kiharibike. Na fundi wa kuchomelea arekebishe paa bila sheli kufungwa, tusipoteze mauzo. Nikimwambia ni hatari ananijibu, "Miaka sita hapa hajaungua mtu hata kidole, na hata makampuni makubwa ya mafuta hupunguza gharama." Je, yuko sahihi? Na kama hayuko sahihi, nimwambie nini anielewe?

Jibu: Marahaba. Nianze na hicho kidole, maana hoja yote ya bosi wako imesimama juu yake.

Kuungua kidole na kulipuka kwa sheli havina chanzo kimoja. Kidole kinalindwa na glovu, uangalifu na viatu vizuri. Mlipuko unazuiwa na vitu ambavyo siku ya kawaida havifanyi kazi yoyote inayoonekana: alamu ya tenki kujaa, valvu ya kujifunga, mtu wa pili aliyesimama kando ya tanka. Ukiviondoa leo, kesho mauzo ni yale yale na hakuna anayeumia. Ndiyo maana huwa vya kwanza kukatwa. Miaka sita bila kidole kuungua inamwambia bosi kwamba vijana wake ni waangalifu. Haimwambii kama alamu ya tenki inalia.

Makampuni makubwa anayoyatolea mfano yalijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kule Texas City, Marekani, mwaka 2004 kilikuwa na takwimu za majeraha ya wafanyakazi zilizo chini sana kuliko wastani wa viwanda vingine vya aina yake. Tarehe 23 Machi 2005 kililipuka, watu 15 wakafa na 180 wakaumia. Baada ya BP kuungana na Amoco mwishoni mwa 1998, viwanda viliagizwa kupunguza gharama zisizobadilika kwa asilimia 25. Kati ya 1998 na 2004 bajeti ya mafunzo ya kiwanda hicho ilipungua kwa nusu. Katika chumba cha uendeshaji, mtu mmoja akaachiwa kuangalia mitambo mitatu.

Siku ya ajali walikuwa wanawasha mnara wenye urefu wa takriban mita 52. Kipimo chake cha kiwango kilitengenezwa kusoma mita tatu hivi za chini tu. Mafuta yaliendelea kuingia kwa saa kadhaa bila kutoka, na kipimo hakikuonyesha kwamba mnara unajaa. Kilionyesha hata kwamba kiwango kinashuka. Alamu ya pili ya kujaa haikulia. Kioo cha kuangalia kiwango kwa macho kilikuwa kichafu, hakisomeki. Mafuta yalipofurika yakatoka kwenye bomba la zamani lililoachia moja kwa moja hewani, kwa kuwa kuliunganisha na mwenge wa kuchomea gesi kulikuwa kumeahirishwa kwa miaka. Mvuke ukalifikia gari la dizeli lililokuwa linanguruma bila dereva, karibu mita nane kutoka hapo. Wote 15 waliokufa walikuwa ndani au karibu na vibanda vya muda vya ofisi vilivyowekwa jirani na mtambo. Waendeshaji walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo au zaidi.

Hesabu ni vizuizi vingapi vilikuwapo na vingapi vilikuwa vimeoza kimya kimya. Hakuna hata kimoja ambacho kingesababisha maafa peke yake.

Na mwaka 2010, tarehe 20 Aprili, wakubwa wa BP walikuwa juu ya mtambo wa kuchimba wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, pamoja na mambo mengine kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila jeraha la kumlaza mtu. Usiku huo huo kisima kilifumuka na watu 11 wakafa. Kazi ilikuwa imechelewa zaidi ya mwezi, na mtambo peke yake ulikodishwa kwa takriban dola 500,000 kwa siku. Kipimo cha kukagua saruji ya kisima, ambacho kingegharimu kama dola 128,000, kilirukwa, na mafundi waliokuwa wameshafika kukifanya wakarudishwa nchi kavu asubuhi ya siku ile ile. Hiyo ndiyo "miaka saba bila kuumia" ya wenzetu. Miaka sita ya bosi wako ni ya aina hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye orodha yako. Si yote yenye uzito sawa.

La kwanza na la pili, yaani mtambo wa kiwango na kijana mmoja usiku, lazima yaangaliwe pamoja, kwa sababu pamoja yanaondoa ulinzi wote wa tenki kufurika. Kijiti cha dipu ni kifaa kizuri na si cha kudharauliwa. Lakini kijiti kinakupa kiwango cha wakati ulipokitumbukiza, hakilii mafuta yanapopanda. Mafuta yakishaanza kushuka, ni mtambo au mtu tu atakayejua kwamba tenki linakaribia kujaa. Bosi anataka kuondoa mtambo, na huyo mtu anataka awe anauza kwenye pampu.

Tuweke namba. Tuseme tenki lako la petroli ni la lita 30,000. Halijazwi mpaka juu. Kiwango salama ni asilimia 97, yaani lita 29,100, ili mafuta yapate nafasi ya kutanuka. Kijiti kinakuonyesha lita 11,400 zimo. Nafasi iliyobaki ni lita 17,700. Tanka limeleta chemba mbili za lita 9,000 kila moja, jumla 18,000. Kwa macho inaonekana inaenea. Haienei: zimezidi lita 300. Mafuta yakishuka kwa kasi ya lita 600 kwa dakika, hizo 300 ni nusu dakika. Kijana aliyeko kwenye pampu akimrudishia mteja chenji hawezi kuvuka na kufunga valvu kwa nusu dakika, na wala hatajua kwamba muda umefika. Dereva naye ameendesha kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 300, na saa nane usiku anasinzia kwenye kiti.

Petroli iliyomwagika haihitaji kuwa nyingi. Lita moja ikigeuka mvuke yote inatosha kufanya zaidi ya lita 10,000 za hewa ziweze kuwaka, kwa kuwa mvuke wa petroli unashika moto ukifika asilimia 1.4 hivi tu ya hewa. Baridi haitusaidii, maana petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne; unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro ya barabarani na kutokea mbali. Angalia mbele ya sheli yako: kuna bodaboda wanaosubiri abiria? Kuna mama anayechoma mahindi kando ya mtaro? Hao ndio watakaouwasha, bila kujua walichokifanya.

Mfano ulio karibu kabisa na hali yako ni bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza. Tarehe 11 Desemba 2005, Jumapili alfajiri, tenki namba 912 lilikuwa linapokea petroli. Kipimo cha kiwango kilikwama na kuonyesha namba ile ile wakati mafuta yanapanda. Kilikuwa kimeshakwama mara 14 ndani ya miezi mitatu na kitu, kila mara kinatikiswa au kurekebishwa juu juu, kazi inaendelea. Swichi ya dharura iliyopaswa kukata mafuta tenki likijaa haikufanya kazi, kwa sababu kufuli dogo lililopaswa kushikilia mkono wake wa majaribio halikuwekwa. Takriban lita 250,000 za petroli zilifurika. Asubuhi ilikuwa tulivu, ya baridi, bila upepo wa kutawanya mvuke, kama alfajiri za Julai hapa chini ya mlima. Saa 12:01 asubuhi ukalipuka. Watu 43 waliumia. Hakufa mtu, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na ofisi za jirani zilikuwa tupu.

Kwa hiyo "umekuwa ukikwama" katika barua yako ndilo neno lililonishtua kuliko yote. Mtambo unaokwama ni mbaya kuliko mtambo uliokufa, kwa sababu uliokufa hakuna anayeuamini. Kama bosi hana fedha mwezi huu, uzimwe kabisa, ubandikwe karatasi "USISOME HAPA", na tanka lipokelewe mchana tu, watu wawili wakiwepo, mpaka utakapotengenezwa. Mara nyingi ubovu wenyewe si mkubwa: boya limejaa uchafu, waya umeingia maji kwenye kisanduku cha juu ya tenki wakati wa masika, au kihisio kimelegea. Fundi aanzie hapo kabla hajakuuzia mtambo mpya.

Mapokezi yenyewe yaende hivi. Tanka liegeshwe likielekea njia ya kutokea, injini izimwe, magurudumu yawekewe vigingi. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme tuli ardhini, ufungwe kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa. Klampu ishike chuma kilichokwanguliwa rangi, na fundi umeme akipima njia ya waya huo asipate zaidi ya omu 10. Namba za sili zilinganishwe na karatasi. Pampu zote zinazonyonya kutoka tenki hilo zisimamishwe, la sivyo hesabu yako ya nafasi si ya kweli. Kisha dipu, pamoja na dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya kijiti. Andika nafasi iliyobaki, andika kiasi kinachokuja, msimamizi na dereva wasaini kabla ya valvu kufunguliwa. Mmoja asimame kando ya valvu ya tanka mwanzo hadi mwisho, mwingine azuie watu na magari. Usikubali mafuta yachukuliwe kwa ndoo ya plastiki kwa sababu yoyote: plastiki inatunza umeme tuli na waya wa ethi hauisaidii.

Tatu, uchomeleaji wa paa. Hapa nasema hapana moja kwa moja. Mabomba ya kupumulia ya matenki yako huenda yametokeza juu, usawa wa paa au karibu yake. Tanka likishusha lita 18,000, kiasi kama hicho cha mvuke kinasukumwa nje kupitia midomo ya mabomba hayo, pale pale fundi anapochomelea. Hata bila tanka, cheche kutoka juu huruka mbali. Kanuni inayotumika sana ni kuondoa kila kinachoweza kuwaka ndani ya mita 11, na kazi ikiwa juu, ongeza.

Kama lazima achomelee, sheli ifungwe na umeme wa pampu ukatwe, tanka lisiingie, vifuniko vya matenki na matundu ya maji machafu vifunikwe kwa blanketi lililoloweshwa, mtu mwenye kipimo cha gesi apime kabla na wakati wa kazi, na mwingine abaki na kizimamoto saa nzima baada ya fundi kuondoka. Kibali cha kazi kiandikwe na kiwekwe pale zamu inayoingia itakapokiona kabla haijagusa swichi. Kwenye mtambo wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu moja ilikuwa imeondolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo. Karatasi ya kazi hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku, wakaiwasha pampu hiyo, ikavuja na mtambo ukalipuka. Walikufa watu 167.

Lakini kuna njia rahisi kuliko zote hizo: vipande vikatwe na kuchomelewa karakana, sheli vije kufungwa kwa bolti. Mauzo hayasimami, na bosi wako hana cha kulalamika.

Nne, matengenezo. Hapa naweza kumkubalia bosi kidogo. Si kila kitu kinahitaji fundi kila miezi mitatu. Rangi, taa za bango, kioo cha namba kilichofifia: visubiri. Vinne visisubiri. Kitufe cha dharura cha kuzima pampu zote kijaribiwe kila wiki, kwa kukibonyeza kweli, siyo kukitazama. Kiungo cha kuachia kwenye hozi, kile kinachokatika gari likiondoka na nozo tangini, kikaguliwe kama hakijachubuka wala kufungwa kwa waya (utashangaa ni wangapi huvifunga kwa waya ili visisumbue). Hozi yenye mpasuko au uvimbe ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na kama mafuta yako yanasukumwa na pampu iliyozama ndani ya tenki, chini ya kila pampu ya kuuzia pana valvu ya kujifunga gari likigonga. Ijaribiwe angalau mara moja kwa mwaka: fundi aifunge kwa mkono, awashe pampu, afungue nozo. Yakitoka mafuta, valvu haifungi, na siku Noah ikirudi nyuma vibaya bomba litamwaga petroli kwa presha mpaka mtu akumbuke kitufe. Kama pampu zako ni za kunyonya, zenye mota ndani yake, huna valvu hiyo na huna sababu ya kuilipia. Muulize fundi una aina gani kabla hujaandika bajeti.

Halafu mwonyeshe bosi kwamba matengenezo yenyewe yanarudisha fedha. Mita ya pampu ikichakaa, kwa kawaida humpunja mwenye sheli, si mteja: mafuta yanapita pembeni bila kuhesabiwa. Chukua kopo la kupimia la lita 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kama pampu inatoa mililita 100 zaidi kwa kila lita 20, hiyo ni nusu asilimia. Sheli inayouza lita 6,000 kwa siku inagawa bure lita 30 kila siku, 900 kwa mwezi. Linganisha na mshahara wa kijana wa pili wa usiku.

Kuna upotevu mwingine ambao vijana huonewa kwa ajili yake. Petroli husinyaa takriban asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Mafuta yaliyopakiwa Tanga yakiwa na nyuzi 32, yakifika Moshi na kutulia kwenye tenki la ardhini hadi nyuzi 22, lita 27,000 zinapungua lita 324 bila mtu kuiba hata tone. Andika joto la mafuta kila unapopokea, ndipo utajua upungufu upi ni wa hali ya hewa na upi una mwenyewe. Kwa tenki linalovuja, Marekani hutumia kipimo ambacho nakipenda kwa urahisi wake: tofauti ya mwezi mzima kati ya vitabu na dipu isizidi asilimia moja ya mafuta yaliyopita pamoja na lita 490 hivi. Ikizidi miezi miwili mfululizo, mwite fundi wa kupima uvujaji, usimwite polisi.

Akiba nyingine za kweli zipo. Badilisha taa za paa ziwe za LED. Agiza chemba kamili zinazoenea kwenye nafasi yako ili usilipie safari ya tanka nusu tupu. Na kama mauzo ya kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri hayalipi watu wawili, hayalipi kufungua. Fungeni. Sheli iliyofungwa ni nafuu na salama kuliko sheli yenye mtu mmoja.

Namna ya kumwambia. Usiende na neno "hatari", ameshalisikia. Nenda na karatasi yenye safu tatu: kitu anachotaka kukata, kinazuia nini, na ni nini kingine kitazuia jambo hilo hilo kikiondoka. Kwenye mstari wa mtambo wa kiwango, safu ya tatu utaandika "mtu kando ya tanka". Kwenye mstari wa kijana wa pili utaandika "mtambo wa kiwango". Aone kwa macho yake kwamba kila kimoja kinaegemea kingine na yeye anaviondoa vyote. Mkumbushe pia Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambako tanka lilipinduka na zaidi ya watu 100 walikufa baada ya petroli iliyomwagika kuwaka. Chanzo cha kumwagika pale kilikuwa kingine, lakini watu kukimbilia mafuta, na moto kuwafuata, vingekuwa vile vile kwenye lango lako.

Kisheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi, na leseni ya sheli iko chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na EWURA zote zina ofisi za kanda Arusha. Sisemi uanzie huko. Anza na bosi. Mwandikie barua fupi yenye tarehe, ukiomba mambo mawili tu: kwamba tanka lisipokelewe bila watu wawili, na kwamba wewe kama msimamizi uwe na ruhusa ya kusimamisha upokeaji bila kumpigia simu kwanza. Toa nakala mbili, asaini moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, andika kwenye daftari la zamu kwamba uliiwasilisha na lini, na tanka lijalo ulipokee mchana.